JEMBE, NGOMA NA SINDANO YA INSULINI

(Mada iliyotolewa na mwanachama mbele ya wanachama na wageni, siku ya maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi chetu, Muheza. Imechapwa karibu kama ilivyosemwa. Salamu tu zimefupishwa.)



Naishukuru kamati kwa kunipa nafasi hii. Waliotangulia wamesema vizuri habari za hisa, mikopo na gawio, na mimi sina la kuongeza hapo. Nimeombwa niseme habari ya afya, na nimeambiwa niwe mfupi kwa sababu pilau iko jikoni. Nitajitahidi.

Wengi wenu mnajua kwamba mimi nachoma sindano ya insulini, asubuhi na jioni, huu mwaka wa kumi na nne. Wengine mlikuwa hamjui. Basi leo mmejua. Siko peke yangu katika kikundi hiki. Tuko watatu, na wenzangu wawili sitawataja, ni juu yao kusema wakitaka. Nataka kuzungumzia jambo moja tu: sukari ya mtu anayechoma insulini inavyokwenda pale anapofanya kazi ya nguvu au mazoezi. Habari za chakula cha kisukari kwa jumla, na habari za mizizi na majani, tuziache, zitatukesha.

Kwa nini jambo hili? Mtakumbuka palizi ya masika iliyopita katika shamba letu la pamoja. Mwenzetu mmoja alianza kusema maneno yasiyoeleweka, akakasirika bila sababu, akatoka jasho jingi, halafu akaanguka kwenye tuta. Palisemwa mengi siku ile. Kuna aliyesema shetani, kuna aliyesema mama yule amekunywa, kuna aliyemmwagia maji kichwani. Bahati njema alikuwa bado anaweza kumeza, na binti mmoja alikuwa na soda. Baada ya kama robo saa alikaa, akauliza jembe lake liko wapi.

Ile ilikuwa sukari kushuka. Tulishukuru Mungu, tukaendelea. Lakini nilipokwenda kumtembelea baadaye, aliniambia amekata shauri mambo mawili. La kwanza, hatakuja tena shamba la pamoja, hata mkimtoza faini. La pili, siku akiwa na kazi nyingi nyumbani hatachoma sindano, ili asianguke. Akina mama, lile la pili ndilo lililonifanya niombe nafasi hii. Kuanguka kwa sukari kunatisha kwa sababu kunaonekana. Kuacha insulini hakuonekani siku ya kwanza, na ndiko kunakoua: damu inajaa sukari na ile asidi inayoitwa ketoni, mtu anatapika, anahema kwa nguvu, anapoteza fahamu, na huku watu wanasema ni malaria. Kwa hiyo kati ya kuacha kazi na kuacha sindano, mimi nasema hakuna haja ya kuacha hata kimoja. Lakini inahitaji hesabu, na sisi hesabu si tunazijua?

Hebu tuanze na mwili wenyewe. Misuli ikifanya kazi hula sukari, na huichota kwenye damu. Kwa mtu asiye na kisukari, kongosho hupunguza insulini mara moja, na ini hufungua akiba yake ya sukari likaimwaga kwenye damu taratibu. Mtu analima tangu alfajiri hadi adhuhuri wala hajui kwamba ndani kuna mweka hazina anafanya kazi. Sisi insulini yetu haitoki kwenye kongosho, inatoka kwenye chupa, na ukishaichoma hairudi. Haijui kama leo umekaa unachagua mchele au umeshika jembe. Inaendelea kusukuma sukari iingie kwenye misuli, na wakati huohuo inalizuia ini lisifungue sanduku. Basi sukari inaporomoka.

Jambo hili si geni. Insulini iligunduliwa Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, na mgonjwa wa kwanza, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, alichomwa Januari 1922. Haikupita miaka mitano. Mwaka 1926 daktari Mwingereza, R. D. Lawrence, aliandika katika jarida la madaktari wa kwao kwamba insulini ileile huwa na nguvu zaidi mtu akifanya mazoezi. Daktari huyo mwenyewe alikuwa na kisukari na anachoma insulini, hivyo alisema jambo alilolijua mwilini mwake. Na msidhani kwamba wenye sindano ni watu wa kukaa. Mwingereza mmoja, Steve Redgrave, mpiga makasia, aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 1997. Mwaka 2000 kule Sydney akapata medali yake ya tano ya dhahabu ya Olimpiki, huku anatumia insulini. Vijana wa mpira wanamjua Nacho aliyecheza Real Madrid, naye ana kisukari tangu akiwa na miaka 12. Ukiweza kukimbia uwanjani dakika tisini, palizi itakushinda kwa nini?

Sasa tuje kwenye saa, maana hapa ndipo watu wengi hawaelezwi vizuri. Wengi wetu huku tunatumia insulini ya mchanganyiko, ile ya 30 kwa 70, yenye ukungu. Ndani yake mna insulini mbili. Ya kwanza ni ya muda mfupi: inaanza baada ya nusu saa hivi, na nguvu yake ni kubwa kati ya saa mbili na saa nne tangu ulipochoma. Ya pili ni ya polepole: inapamba moto kati ya saa nne na saa kumi baadaye. Haya, chukua mama aliyechoma saa 12 asubuhi, akanywa uji, akaenda shamba. Saa mbili hadi saa nne asubuhi ile ya kwanza iko juu. Saa nne ile ya pili nayo inaingia. Jua limepanda, mtu ameshapiga matuta kumi, chakula chake ni uji wa alfajiri ambao umekwisha kitambo. Yule mwenzetu alianguka kama saa tano. Sasa mnaona kwamba hapana shetani hapo.

Ndiyo maana nasema saa nne ni saa ya kula. Usingoje njaa, usingoje wenzako wamalize mstari. Ndizi mbivu moja, au kiazi kitamu, au kikombe cha uji wenye sukari kidogo, halafu endelea. Kama kazi ni ya nguvu kweli na dozi hukuipunguza, mwili unaweza kutaka gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa. Ndizi moja ya kawaida ina gramu kama 20 na kitu. Piga hesabu mwenyewe. Machungwa ya hapa kwetu nayo yanafaa, na tunayo mpaka tunayatupa.

Kabla ya kuanza, pima. Karatasi niliyopewa kliniki inasema hivi, na nimeitumia miaka mingi. Kama kipimo kinasoma kati ya 7 na 10, nenda kafanye kazi. Kati ya 5 na 7, kula kitu kidogo kwanza, na uende na kingine mfukoni. Chini ya 5, kaa, kula chenye sukari, subiri ipande. Ikizidi 10 kidogo si neno, unaweza kuanza taratibu. Ikipita 15, simama ujiulize kwa nini. Pengine ulikula zaidi jana. Lakini kama uliruka sindano, au una homa, au unatapika, usithubutu kushika jembe ukisema "nitaitoa kwa jasho". Bila insulini ya kutosha, kazi ngumu haishushi sukari, inaipandisha, na ketoni zinaongezeka. Hapo mkojo upimwe ketoni, na zikiwepo ni hospitali, si shamba.

Nitaje na jambo la ajabu kidogo. Kazi ya nguvu ya ghafla, kama kupasua kuni, kunyanyua gunia, au binti anayekimbia mbio fupi, inaweza kuipandisha sukari kwa muda kwa sababu ya homoni za mshtuko. Ukipima hapohapo unaona 13, unashangaa. Usikimbilie kujiongezea insulini. Mara nyingi inashuka yenyewe baadaye, na ukiwa umejiongezea itashuka mara mbili.

Ama kuhusu kupunguza dozi, naomba mnisikilize vizuri. Siku ya kazi ya saa nyingi, wataalamu hupunguza insulini itakayokuwa inafanya kazi wakati huo, pengine robo, pengine zaidi, kufuatana na mtu na kazi. Lakini kupunguza si kuacha. Na kiasi chako unakipata kliniki, kwa kumweleza daktari au muuguzi kazi yako ilivyo. Hapa nina neno. Tukiulizwa "unafanya mazoezi?" tunajibu "hapana", kwa sababu tunafikiri mazoezi ni kukimbia umevaa raba. Mama anayebeba ndoo mbili za maji kupanda mlima, akapalilia, akatwanga, anamwambia daktari hafanyi mazoezi! Daktari anaandika dozi ya mtu anayekaa. Ukienda kliniki, sema: msimu wa palizi nalima kuanzia saa fulani hadi saa fulani, siku ngapi kwa wiki; msimu wa kiangazi nakaa sokoni. Dozi ya sokoni na dozi ya shambani zinaweza zisiwe moja.

Na siku ya kulima au kutembea mbali, usichome paja. Misuli ya paja ikifanya kazi, damu inapita kwa wingi, insulini inavutwa haraka kuliko ulivyotarajia. Choma tumbo. Chupa yenyewe usiende nayo ukaiacha juani kwenye kapu. Iache nyumbani penye ubaridi, hata kwenye chungu chenye maji, ikiwa ndani ya kitu kisichopitisha maji.

Sasa usiku. Ningependa mkisahau mengine yote mlikumbuke hili. Hatari ya siku ya palizi haiishii ukiweka jembe chini. Misuli ilitumia akiba yake mchana kutwa, na usiku inaanza kuijaza upya, kama mkopaji anayerudisha deni kidogo kidogo, na inaichota sukari hiyo kwenye damu yako ukiwa umelala. Hali hiyo inaweza kuendelea saa 24 na zaidi. Na ile insulini ya polepole uliyochoma saa moja jioni, nguvu zake ziko juu tangu kama saa tano usiku hadi alfajiri. Vyote viwili vinakutana saa nane za usiku, mume amelala, watoto wamelala, na wewe huwezi kuhisi kutetemeka kwa sababu umelala pia. Ukiamka foronya imelowa jasho, umeota ndoto mbaya, kichwa kinauma, usikimbilie kusema ni majinamizi. Pima.

Kwa hiyo siku uliyofanya kazi nzito, pima kabla ya kulala. Ikiwa chini ya 7, kula kitu chenye wanga, si chai tupu. Muulize daktari kuhusu kupunguza insulini ya jioni siku kama hizo. Sehemu ya tano ni kiasi kinachotumika sana. Mwambie unayelala naye chumba kimoja. Najua vijiti vya kupimia ni ghali. Ukiniuliza mimi, siku ya palizi nikiwa navyo viwili tu, kimoja nakitumia kabla ya kwenda shamba na kingine kabla ya kulala. Katikati, nikihisi dalili, sipotezi muda wala kijiti, nakunywa sukari kwanza. Kupanda kidogo kwa kukosea si sawa na kuanguka.

Haya yote yanahusu ngoma pia, na msicheke. Kigodoro cha kuanzia saa tatu usiku hadi saa tisa ni kazi kuliko kulima, tena mtu ameshachoma sindano ya jioni na chakula cha harusi kimechelewa. Kama kuna na pombe, ni mbaya zaidi, kwa sababu pombe inalizuia ini lisitoe akiba yake, na ukianguka kila mtu atasema umelewa. Kula kabla ya kuanza kucheza. Mwenye hamu ya kuonyesha mtindo wote apumzike kila baada ya muda, soda iwe karibu.

Dalili mnazijua sasa: kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, macho kuona ukungu, hasira, maneno kuchanganyikana. Lakini mtu aliyezoea kushuka mara kwa mara anaweza asione dalili hata moja, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinazificha. Ikiwa chini ya 4, au una dalili na huna kipimo, dawa ni sukari yenyewe: vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida, au nusu glasi ya maji ya machungwa. Ile soda isiyo na sukari haisaidii. Karanga, chapati, maziwa ya mtindi havifai kwa kuanzia, vinachelewa. Kaa chini dakika 15. Pima tena; bado iko chini, rudia. Ikipanda, kula chakula, na jembe liache hadi uwe sawa kabisa. Aliyeanguka hadi akahitaji kusaidiwa asifanye kazi nzito kwa siku nzima inayofuata.

Na nyinyi msio na kisukari, hili ni lenu. Mtu akiwa hana fahamu au hawezi kumeza, msimmiminie kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Mlazeni ubavu, mpakeni asali au sukari iliyoloweshwa kidogo ndani ya shavu, na mtafuteni bodaboda au gari la kumpeleka hospitali wakati huohuo. Msimpe insulini. Nimeona watu wanaofikiri "ana kisukari, mchomeni dawa yake". Insulini wakati huo ni kumalizia.

Sasa ombi langu, Ndugu Mwenyekiti. Tuna mfuko wa jamii. Tumeutumia kwenye misiba, kwenye uzazi, na mwaka juzi kwenye bati lililoezuliwa na upepo. Naomba mambo matatu. Kwanza, siku ya shamba la pamoja kuwe na mapumziko ya saa nne, uji kwa wote, na kanuni ya faini isimguse anayekaa chini kula. Nasema kwa wote kwa makusudi. Wakila watatu peke yao, wataona haya, wataacha. Pili, pakiti ya sukari na chupa ya maji ya kunywa vikae kwenye kapu la msimamizi wa shamba, na kila mmoja ajue vilipo. Tatu, mfuko ununue kipimo kimoja cha sukari. Lakini kamati isikimbilie kipimo cha bei rahisi. Vijiti vya kampuni moja havingii kwenye kipimo cha kampuni nyingine, na gharama iko kwenye vijiti, si kwenye mashine. Waulize kwanza maduka ya dawa ya hapa na Tanga mjini ni vijiti vya aina gani vinapatikana kila mwezi, ndipo wanunue. Na kopo la vijiti lifungwe vizuri, unyevu unaviharibu. Sindano ya kutobolea kidole, kila mtu na yake, hatuazimani.

Ombi hilo nimeliandika na nimemkabidhi Katibu ili liingie kwenye ajenda ya kikao kijacho. Yule mwenzetu nimezungumza naye juzi. Sindano amerudia, asubuhi na jioni, na kliniki wamempangia dozi ya siku za shamba. Amesema kama uji wa saa nne utapitishwa, vuli atakuja na jembe lake.